UZI: Kumjenga mvamizi wa Kiviking kwenye gemu, anza na anachoshika mkononi

#1 Mchonga_Meshi

Wakuu, habari za muda huu.

Picha za Waviking zinazowekwa humu jukwaani zimekuwa pacha wa kuzaliwa: manyoya ya dubu mabegani, kofia ya pembe, shoka la makali mawili kubwa kama mlango, tumbo wazi kwenye baridi ya Norwe. Chini ya picha maswali ni yaleyale. Mbona ngao inazama kiunoni akikimbia? Mbona shoka linampita adui katikati na haumii?

Chanzo ni kimoja. Watu wanachonga mwili kwanza, silaha wanazitundika mwisho kama mapambo. Kwa mhusika huyu geuza mpangilio: ngao na shoka ndivyo vinavyoamua mifupa ya ndani ya modeli, pozi, animesheni na hitiboksi (eneo linalohesabiwa kuwa limegonga). Mwili utavifuata.

Uzi huu ni wa Blender (programu ya kuchonga modeli za 3D) kwenda Godot 4 (injini ya kutengenezea gemu), lengo likiwa simu ya Android ya kati.

Kabla hujafungua Blender, chagua mwaka. Nyumba ya watawa ya Lindisfarne, pwani ya Uingereza, ilivamiwa Juni 793. Jeshi kubwa la Waviking lilitua Uingereza mwaka 865. Cnut wa Denmaki alipata ufalme wa Uingereza 1016. Hapo katikati ni zaidi ya miaka 220, na vifaa vilibadilika. Lile shoka pana la mikono miwili ambalo kila gemu inampa Mviking lilishika kasi kuelekea mwaka 1000. Ukimpa mvamizi wa 793 umemrukisha karne mbili.

Shoka la kipindi cha mwanzo: kichwa kidogo, makali ya sentimita 8 hadi 12, ncha ya chini imeteremka kama kidevu chenye ndevu, mpini wa sentimita 60 hadi 80, linashikwa kwa mkono mmoja. Shoka la mwishoni: makali ya sentimita 20 hadi 30, mpini wa mita moja na kidogo. Yote yana makali upande mmoja tu. Na ubapa wa lile pana ni mwembamba sana, unene wa milimita chache hadi ukaribie tundu la mpini. Kwenye gemu tunalichonga nene kama nyundo, kisha tunashangaa linaonekana la plastiki.

Ngao: duara, mbao, sentimita 80 hadi 90. Katikati kuna tundu lililofunikwa kwa kitovu cha chuma chenye upana wa sentimita 15 hivi, na nyuma yake kijiti kimoja cha kushikia. Ngumi inakaa ndani ya kitovu. Hakuna mikanda ya kufungia mkononi. Hili ndilo kosa namba moja kwenye rigi (mifupa ya modeli) za Waviking, tutalirudia chini.

#2 KaleKaskazini

Naongezea kwenye kofia maana najua litaulizwa.

Pembe zitoe. Zilienea kupitia mavazi ya jukwaani aliyobuni Carl Emil Doepler kwa opera za Wagner kule Bayreuth mwaka 1876. Kofia za pembe zilizochimbwa Veksø, Denmaki, ni za Enzi ya Shaba, yaani zilikuwa na umri wa miaka zaidi ya elfu moja na nusu Lindisfarne inapovamiwa.

Kielelezo cha kuchonga ni kofia ya Gjermundbu, iliyopatikana Norwe mwaka 1943, ya karne ya 10. Kuba ya chuma ya vipande vinne vilivyobanwa kwa mikanda ya chuma na ribiti, na mbele kinga ya macho kama fremu ya miwani. Kwa pembetatu 600 (vipande vinavyounda umbo la modeli) unaimaliza. Ribiti usizichonge, zibeki (zihamishie) kwenye ramani ya nomali, picha inayodanganya mwanga uone matuta.

Halafu kofia za chuma hazikuwa za kila mtu. Kwenye kundi lako la wavamizi kumi, wape wawili au watatu. Deraya ya pete za chuma ni mmoja, kiongozi. Hao wengine: kanzu fupi ya sufu, suruali, vitambaa vya kuzungushia miguu toka kifundo hadi chini ya goti, viatu vya ngozi. Rangi zilikuwepo: nyekundu, buluu, njano, zote za mimea. Ile kahawia na kijivu ya gemu ni uvivu wa palette tu.

Na mkuki! Silaha ya watu wengi ilikuwa mkuki. Upanga ni mali ya mtu mwenye nacho.

#3 nyundo_254

Mkuu wapeni hata kapembe kamoja, mchezaji atajuaje kama huyu ni Mviking? 😂 Kivuli chake kwa mbali ni cha mkulima yeyote.

#4 Mchonga_Meshi

Kwa ngao. Duara la sentimita 90 ubavuni ni kivuli ambacho askari wengine wa gemu hawana. Ongeza shoka begani, joho lililobanwa kwa bizimu bega la kulia ili mkono wa silaha ubaki huru, nywele zimechanwa. Jaribu hivi: mjaze mhusika rangi nyeusi tupu, mpunguze hadi pikseli 64 kwa urefu, umweke juu ya mandhari nyeupe. Ukishindwa kumtambua, tatizo ni pozi. Kofia haitakuokoa.

Gemu ya The Lost Vikings ya 1993 iliwafunga kofia za pembe wote watatu, na bado unawatofautisha kwa maumbo: Olaf mnene na ngao yake, Baleog na upanga na upinde, Erik mwembamba wa kukimbia. Kilichofanya kazi pale ni umbo na kazi ya kila mmoja.

#5 bint_pikseli

Weka bajeti ya pembetatu mkuu, watu wanaleta ndevu za elfu ishirini.

#6 Mchonga_Meshi

Haya dada, ya mhusika mkuu kwenye simu, jumla 10,000:

kichwa na uso 1,800, ndevu na nywele 1,200, mwili na nguo 4,000, mikono na viatu 1,100, kofia 600, ngao 500, shoka 300, joho 500.

Ngao 500 inaonekana nyingi kwa duara lakini kitovu na ukingo ndivyo vinavyokatwa na mwanga. Tumia pande 32 kwenye ukingo, 16 kwenye kitovu. Pande 16 kwenye ukingo zinaonekana kona wazi ngao ikiwa karibu na kamera.

Tekcha (picha inayovikwa modeli) moja ya pikseli 1024 kwa mwili, moja ya 512 kwa silaha zote. Pakia ramani tatu kwenye picha moja kama glTF (aina ya faili la modeli) inavyotaka: kivuli cha mianya kwenye nyekundu, ukwaru kwenye kijani, umetali kwenye buluu. Umetali ni 0 au 1, usiweke 0.5. Chuma 1 na ukwaru 0.4 hadi 0.5. Sufu 0 na ukwaru 0.9. Ngozi 0 na 0.65 hivi. Sufu inayong'aa ndiyo inayofanya mhusika aonekane amevaa koti la mvua.

#7 mdau_wa_rigi

Niingie kwenye ngao sasa maana hapo ndipo machozi yapo.

Ukichukua mifupa ya bure kutoka Mixamo (tovuti ya mifupa na animesheni), watu wengi wanaifunga ngao kwenye mfupa wa kigasha. Ni sawa kwa ngao ya mikanda ya karne za baadaye. Ya Mviking inafungwa kwenye kiganja. Kwenye Godot ongeza BoneAttachment3D (nodi inayofuata mfupa) chini ya Skeleton3D (kiunzi cha mifupa), chagua mfupa mixamorig_LeftHand (nukta mbili za jina la asili hugeuka mstari wa chini wakati wa kuingiza), kisha weka ngao ndani yake. Chimbuko la ngao liwe katikati ya kijiti cha kushikia. Ukiliacha katikati ya ubao, ngumi itaelea sentimita 5 nyuma.

Ikishakaa kiganjani unapata kitu cha ziada: ngao inazunguka na kifundo cha mkono, kwa hiyo anaweza kuielekeza ukingo mbele na kusukuma shoka la mwenzake. Ngao ya kigashani haifanyi hivyo.

Kwa kukimbia: ngao ya sentimita 90 ikining'inia kiganjani itapiga paja tu. Usihangaike na fizikia. Tengeneza pozi moja la nyongeza ambalo kiwiko kimekunjwa nyuzi 90 na ngao imeinama nyuzi 20 kutoka mwilini, kisha lichanganye kwenye AnimationTree (nodi ya kuchanganya animesheni) kwa chujio la mifupa ya mkono wa kushoto tu. Miguu iendelee na mbio za kawaida.

#8 mdau_wa_rigi

Nimesahau. Ukipeleka modeli Mixamo, peleka mwili mtupu. Bila joho, bila ngao, bila ndevu ndefu. Kile kifaa kinakisia kidevu, viwiko, magoti na kinena, ndevu zikifika kifuani alama ya kidevu inakosa pa kukaa na shingo inapewa uzito wa kifua. Mikono ikae pozi la herufi A.

Chagua mifupa 41 badala ya 65 kwa simu. Vidole vya kushika mpini havihitaji viungo vyote.

#9 nyundo_254

Nikiingiza FBX (faili la modeli) ya Mixamo kwenye Blender kisha nika-apply Scale, jamaa anaruka nje ya dunia kabisa. Nini hiyo?

#10 mdau_wa_rigi

FBX ile iko kwa sentimita, kwa hiyo kiunzi kinaingia na ukubwa wa 0.01. Ukibonyeza Ctrl+A mifupa inasahihishwa, lakini mikunjo ya animesheni ya nyonga inabaki na namba za sentimita. Nyonga iliyosogea sentimita 5 sasa inasomwa mita 5.

Fungua Graph Editor, chagua mikunjo ya Location ya Hips peke yake, weka pivoti kwenye kishale na kishale chenyewe kwenye sifuri, bonyeza S, Y, andika 0.01. Mikunjo ya mzunguko usiiguse. Rudia kwa kila animesheni, au fanya kwa skripti kama zimefika ishirini.

Kabla ya kutoa glb (faili la glTF la kupeleka Godot): Limit Total (idadi ya mifupa kwa kila vateksi, yaani pointi ya meshi) iwe 4, kisha Normalize All. Vateksi yenye mifupa 6 itakatwa na kubakiwa na 4, na mahali pa kwanza kuharibika ni kwapani.

#11 bint_pikseli

Na akifika Godot anatembea kinyumenyume, hilo nalo linakuja kila mara. Modeli inaangalia +Z, Godot mbele yake ni -Z. Ama mzungushe nyuzi 180 ndani ya nodi mama, ama ukitumia look_at weka hoja ya tatu iwe true. Ipo kuanzia 4.1. Usifanye yote mawili kwa pamoja.

#12 KaleKaskazini

Tukija kwenye shoka, kuna ubishi ambao haujaguswa. Shoka halisi la mikono miwili halikuwa zito. Kwa mpini na kichwa ni kama kilo moja hadi mbili. Ule upole wa gemu, mtu anainua kama gunia la saruji, ni uongo. Ubapa ni mwembamba ili uende kasi.

#13 bint_pikseli

Ni kweli kihistoria, ila kwenye mchezo lazima mpinzani aone kinachokuja. Jicho na kidole vinahitaji takriban robo sekunde kabla hata ya kufikiria. Pigo likifika kabla ya hapo, mchezaji anasema gemu inaonea.

Maelewano yapo, na ni kugawa muda. Kwa fremu 30 kwa sekunde, pigo zito la shoka la mikono miwili: kujiandaa fremu 14, pigo lenyewe 4, kurudi 18. Jumla 36, sekunde 1.2. Upanga: 8, 3, 11. Angalia zile 4 za katikati. Shoka likishaanza kushuka linakwenda kama umeme, hapo KaleKaskazini anapata haki yake. Mzigo uko kwenye kurudi, kwa sababu kichwa kiko mbali na mikono na kusimamisha ndiko kugumu.

Wanaokosea wanaongeza fremu za katikati. Pigo la fremu 10 linaonekana limelowa maji.

#14 ShokaButu

Basi hapo ndipo tatizo langu: hizo fremu 4, nina Area3D (eneo la kugundua mguso) kwenye makali lakini adui anaguswa mara moja katika pigo tatu. Nimeongeza ukubwa wa Area, sasa anagongwa akiwa mbali.

#15 Mchonga_Meshi

Piga hesabu mkuu. Kutoka bega hadi makali ni mita 1.5 hivi. Shoka linafagia nyuzi 150, yaani safari ya karibu mita 3.9. Fremu 4 za 30 ni sekunde 0.133, sawa na hatua 8 za fizikia zikiwa 60 kwa sekunde. Kila hatua makali yanaruka karibu nusu mita. Area yako ya sentimita 25 iko hapa, hatua inayofuata iko kule, adui yuko katikati. Ukiikuza unahamisha tatizo.

Usipime mahali makali yalipo, pima njia yaliyopita. Weka Marker3D mbili (alama za nafasi) kwenye makali, ncha ya juu na ya chini. Kwa kila moja tengeneza ShapeCast3D (nodi inayosukuma umbo kwenye njia na kuona linachogonga) yenye duara la sentimita 8, izime enabled, na isiwe mtoto wa shoka. Kila _physics_process wakati wa fremu za pigo: weka ShapeCast mahali alama ilipokuwa hatua iliyopita, target_position iwe to_local ya mahali ilipo sasa, ita force_shapecast_update(), soma waliogongwa, hifadhi nafasi mpya.

Mambo matatu yanayoharibu hapo. Kwanza, weka orodha ya waliokwisha kugongwa katika pigo hilo, la sivyo adui mmoja anakula mapigo manne. Pili, AnimationPlayer iwe kwenye hali ya Physics, maana ikiendeshwa na fremu za skrini, simu ikishuka hadi fremu 25 mifupa inabaki palepale kwa hatua mbili kisha inaruka. Tatu, nafasi ya kwanza ya pigo isafishwe. Ukisahau, mstari wa kwanza unachorwa kutoka mahali pigo la jana liliishia.

Mpini uache bila hitiboksi. Adui aliyeingia ndani ya mpini amejiokoa, na huo ndio udhaifu halisi wa silaha ndefu. Mchezaji atajifunza kumkaribia Mviking badala ya kumkimbia.

#16 ShokaButu

Hiyo ya Physics ndiyo iliyokuwa inanila. Sasa anagongwa kila pigo. Elimu bure.

#17 sufu_na_kitani

Kanzu nayo mkuu. Pindo la kanzu linafika karibu na goti, ukiligawia uzito wa mapaja mawili, akipiga hatua ndefu katikati panavutika kama mpira.

Ongeza mifupa minne ya pindo: mbele, nyuma, kushoto, kulia, yote ikitoka nyonga. Ya kushoto na kulia inaiga mzunguko wa paja kwa nusu. Ya mbele inafuata paja lililo mbele zaidi, ya nyuma kinyume chake. Kisha futa kabisa poligoni za mapaja zilizofichwa chini ya kanzu. Huwezi kuona ngozi inayotoboza ikiwa haipo, na umeokoa pembetatu kama 400.

Deraya: usichonge pete hata moja. Tekcha ya kujirudia ya 256, na UV (mpangilio wa picha juu ya modeli) zilizonyooshwa ili safu za pete ziende mlalo kuzunguka kifua. UV zikipinda, pete zinapinda kama matone. Ikimetameta akiwa mbali, washa mipmap (nakala ndogo za tekcha kwa umbali) na punguza nguvu ya nomali hadi 0.5.

Ndevu kwenye simu zifanye meshi nzima ya kuchonga. Kadi za nywele zenye uwazi zinagombana nani yuko mbele, na ukitumia Alpha Scissor (kukata sehemu wazi moja kwa moja) simu nyingi za bei nafuu zinapoteza kasi. Gemu ya Valheim ya 2021 ilipita na tekcha za pikseli kubwakubwa na hakuna aliyelalamika ndevu.

#18 nyundo_254

Na mashua? Nataka waje 40 kwa pamoja.

#19 KaleKaskazini

Kielelezo kizuri ni meli ya Gokstad, ilifukuliwa Norwe 1880: urefu wa mita 23 na ushei, upana wa mita 5, makasia 16 kila upande. Kasia linapita kwenye tundu la ubavuni lenye kifuniko, halikai juu ya ukingo. Ngao zilikutwa 64, mbili kwa kila tundu, zimepandana, nyeusi na njano kwa kupokezana. Hazikukutwa benchi za wapiga makasia, wengi wanadhani walikalia masanduku yao. Kwa gemu hiyo ni zawadi: sanduku la mtu ndiyo ghala lake la ngawira.

#20 Mchonga_Meshi

Wapiga makasia 32 kwa modeli ya mhusika mkuu ni pembetatu 320,000. Simu inazima. Watengenezee modeli ya 1,500, miguu haipo maana imefichwa na ubavu wa meli: 48,000 jumla. Mifupa 12 kila mmoja inatosha. Ngao za ukingoni ziwe MultiMesh moja (nakala nyingi zinazochorwa kwa pamoja), rangi mbili kupitia rangi ya kila nakala. Watu wenyewe hawaingii MultiMesh wakiwa na mifupa.

Usiwaanzishe wote fremu moja, wala usiwatawanye ovyo. Makasia huenda pamoja. Tofauti ya fremu 1 hadi 2 inatosha kuondoa uroboti bila kuwafanya walevi.

#21 bint_pikseli

Mwisho kwa wanaotoa APK: kwenye Project Settings washa Import ETC2 ASTC kabla ya kuingiza tekcha, na kwenye kila tekcha ya modeli chagua VRAM Compressed. Picha ya 1024 isiyobanwa ni MB 4, na mipmap MB 5.3. Ramani tatu ni MB 16 kwa mtu mmoja. Ikibanwa inashuka hadi kama 4.

Na wale wenye ramani ya nomali kutoka Unreal: geuza mkondo wa kijani. Ukiona kitovu cha ngao kimebonyea ndani badala ya kutokeza, ni hiyo.

#22 ShokaButu

Kitovu changu kimebonyea kweli 😂 nilidhani ni mwanga. Nageuza.